Nilifuta kila mstari wa tatu wa orodha ya Beni, mtoto mchanga akanikamata

Wakuu, salamu kutoka Butembo, mji wa baridi na maharage matamu kuliko yote duniani.

Juzi kuna ndugu aliuliza humu: ana file ndefu, anataka kufuta kila mstari wa tatu, afanyeje? Wakuu wakamrushia command tano au sita, kila mtu na yake. Zote zinafanya kazi. Mimi nilisoma nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Juu, yaani kwa sababu, ile command naijua. Ilinipandisha camion, lori la mbao, mpaka Beni wakati wa vita, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Wanaonijua wanajua naongezaga chumvi. Donc, basi, tuelewane mapema: nikisema watu elfu kumi, gawanya kwa mia. Lakini yale ya kwenye orodha, na yale aliyosema Fundi Siméon, hapo sijaongeza hata punje.

Kiswahili changu ni cha kwetu. Nimekinyoosha kidogo kwa ajili ya wakuu wa pwani, kikijikunja mtanisamehe.

Twende.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya kwetu. Mchana nilikuwa nabeba mbao sokoni, jioni nilikuwa école du soir, shule ya jioni, nasoma informatique, mambo ya kompyuta. Mashine moja, wanafunzi kumi na tisa. Keyboard tulikuwa tunaigusa kwa zamu kama watu wanaopokea meza ya Bwana.

Mwalimu wetu alikuwa ameletewa CD ya Linux na mfanyabiashara mmoja kutoka Kampala. Akaiweka kwenye mashine nzee ambayo hata kuku wangeikataa kutagia. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, mouse hakuna. Wanafunzi wengi walikimbia jioni ya kwanza. Mimi nilibaki kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha.

Ndivyo nilivyokuwa fundi wa command, wakuu. Mvua.

Siku ya kupewa cheti nilizunguka Butembo nzima nimekishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba jogoo wa mahari. Nilisalimia hadi mbuzi.

Habari ikafika kanisani. Pasta Elie, mchungaji wetu, akaniita, akasema Mungu ameninyanyua kwa wakati wake, kuna kazi.

Kazi yenyewe ni hii.

Upande wa Eringeti na huko juu kuelekea Ituri, watu walikuwa wanakimbia, wanashuka Beni. Kwetu mkimbizi hakai kwenye hema. Anapokelewa nyumbani kwa mtu. Nyumba ya watu sita inakuwa ya watu kumi na wanne, sufuria ni ileile, na hakuna anayelalamika kwa sauti.

Kanisa la Bungulu, pale Beni, lilikuwa linaandika kila anayefika. Karani wao alikuwa Mama Jeannette, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akimaliza anaweka orodha kwenye diskette, dereva anatuletea Butembo, Pasta anaisoma Jumapili baada ya ibada, ili watu wajue ndugu zao wako hai.

Kila mtu alikuwa na mistari mitatu. Hivi:

Kambale Anselme
mtoto wa Katembo Josué, Eringeti
kwa Mzee Bahati, nyuma ya dispensaire, Bungulu

Jina. Kisha baba na kwao. Kisha nyumba iliyompokea.

Sasa ule mstari wa tatu ulikuwa na hatari. Waliopokea wageni walikuwa wanapewa unga na mafuta kidogo, na wenye bunduki walikuwa na masikio. Ukisoma kanisani "kwa Mzee Bahati, nyuma ya dispensaire", umewachorea ramani. Kwa hiyo kamati ya kanisa ikaamua: tusome mistari miwili ya kwanza, wa tatu ufutwe. Anayetambua ndugu yake aende kwa Pasta faragha, Pasta aulize Beni.

Mwanzo kabla yangu walikuwa wanafuta kwa wino, mstari kwa mstari, wamama watatu na rula. Mimi nikaangalia nikaona huruma.

Nikawaambia, mama zangu, wekeni rula chini.

Nilisubiri groupe iwashwe, maana umeme ulikuwa wa jenereta, saa mbili tu baada ya chakula cha mchana. Wamama wakasimama nyuma yangu. Pasta naye. Nikaandika:

sed 'n;n;d' beni.txt > safi.txt

Kwa wasiojua: n ya kwanza ni "pitisha huu, leta unaofuata". n ya pili, vilevile. d ni "futa". Halafu inaanza tena, mpaka mwisho wa file. Pita, pita, futa. Pita, pita, futa. Kama askari wa gwaride. Anayependa awk ataandika awk 'NR%3', matokeo ni yaleyale.

Nikabonyeza. Kabla mama wa kwanza hajamaliza kupiga chafya, kazi ya siku mbili imeisha. Wakapiga vigelegele, wakuu. Kwa sed. Nadhani ni mara ya kwanza na ya mwisho duniani.

Lakini sikilizeni nilichofanya kabla na baada.

Kabla, nilihesabu mistari kwa wc -l. Ikatoka 913. Gawanya kwa tatu: watu 304, na mstari mmoja unabaki. Mtu mwenye akili angejiuliza huo mmoja ni wa nani. Mimi nikasema moyoni ni mstari mtupu wa mwishoni, Mama Jeannette kabonyeza kidole. Sikuangalia.

Baada ya hapo nikaandika mv safi.txt beni.txt, ili mpya ifunike ya zamani, maana nilitaka mambo yawe masafi. Na diskette, juu zilikuwa chache kuliko meno ya kuku, nikaifuta yote nikampa dereva airudishe Beni.

Kwa maneno mengine, nilivuka mto, nikachoma daraja, nikapeleka majivu kwa mwenye daraja.

Jumapili nikavaa tai. Nikakaa benchi ya mbele.

Hapa lazima niwajulishe Fundi Siméon.

Alikuwa jirani yangu, parcelle moja, ua mmoja, yeye chumba cha mbele mimi cha nyuma, tangu miezi mitatu hivi. Fundi wa baiskeli. Mtu wa maneno machache; akisema "ndiyo" umepata hotuba. Alikuwa amekimbia kutoka Kanyabayonga na mke wake na watoto wawili wa kiume, Dieudonné na Moïse.

Mke wake alikuwa na mimba. Habari ikaja kwamba baba yake amefariki kule Eringeti, akaenda matanga, mwezi mmoja kabla Fundi hajahamia pale kwangu. Njia ikafungwa nyuma yake. Miezi minne, hakuna barua, hakuna salamu. Kila Jumapili Fundi alikuwa anakuja kusikiliza orodha, anakaa mlangoni na mfuko wake wa vyuma, kwa sababu akimaliza anarudi kazini. Orodha ikiisha anasimama, anapangusa suruali, anaondoka. Sikumwona akilia hata mara moja. Lakini nilimwona Dieudonné akimuuliza "Papa, leo?" na yeye akitikisa kichwa, na hilo mimi lilinitosha.

Pasta akaanza kusoma. Jina, baba, kijiji. Jina, baba, kijiji. Kwenye ukurasa wa pili mtu alipiga kelele ya furaha, kaka yake ametajwa. Mimi nikarekebisha tai.

Tukafika katikati. Pasta akasoma:

"Masika. Na mutoto Kakule, amezaliwa njiani."

Akasogeza karatasi karibu na macho, maana haikuwa kawaida. Akaendelea, lile neno "kwa" akiliruka kama kosa la karani:

"Muhindo Salomon, avenue ya lopitali, Bungulu. Kavira Jeanne."

Kisha: "Mama Kyakimwa, karibu na kinu, Bungulu. Paluku Faustin."

Dada mmoja wa kwaya akanyanyua mkono.

"Pasta, pole, lakini ule Muhindo ni mujomba yangu. Hakukimbia. Iko ku nyumba yake, na mabati juu."

Watu wakacheka. Pasta akaangalia karatasi, akaigeuza, kana kwamba maelezo yapo nyuma.

Ndipo bibi mmoja mzee, mbele kabisa, akauliza polepole:

"Ule Kavira, ni Kavira gani? Wa nani? Wa wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka tena.

Wakuu wa mbali, niwaeleze, la sivyo hamtaelewa uzito wake. Sisi Wanande tunapewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere. Wa pili Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa nne Kakule. Wa tano Katembo. Wasichana nao wana yao, Masika akiwa wa kwanza. Kwa hiyo jina linakuambia mtu ni wa ngapi. Halikuambii ni wa nani. Ukiita "Masika" sokoni Butembo, watageuka wa kutosha kufika Kisangani wameshikana mikono.

Bila mstari wa baba na kijiji, huna mtu. Una zamu tu.

Pasta akafunga karatasi. Akaniangalia. Benchi ya mbele, wakuu, ni mbaya sana ukiwa na kosa. Hakuna pa kujificha, na tai inaonekana.

Nikachukua karatasi nikakaa nayo nyuma ya kanisa. Dakika tano zikanitosha, hata bila mashine.

Kwa Masika kulikuwa na mistari minne. Jina, mtoto, baba, nyumba. Mama Jeannette aliongeza mmoja. sed yangu haikujua. Ikapita Masika, ikapita mtoto, ikamfuta baba. Kisha ikapita mwenye nyumba, ikapita jina la anayefuata, ikafuta baba yake naye. Na kutoka pale mpaka mwisho, gwaride lote lilikuwa limekosea mguu: watu 161 hawana baba wala kijiji, na nyumba zilizotakiwa kufichwa zimebaki wazi. Mbili zilikuwa zimeshasomwa mbele ya kanisa zima.

Nilikuwa bado nashika kichwa, nikaona viatu viwili mbele yangu. Fundi Siméon na mfuko wake.

"Katembo," akaniita, "mustari ya baba ya ule Masika iko wapi?"

"Niliifuta, Fundi."

"Unaweza kuirudisha?"

"Hapana. Iko tu kwa Mama Jeannette, ku Beni."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mnyororo umekatika lakini unaungika.

"Basi nitaenda. Ni bibi yangu." Bibi kwetu ni mke.

Sasa wakuu, njia ya Beni si ndefu, kilomita hamsini na kitu. Lakini ilikuwa na vizuizi, na mwanaume wa umri wake akishushwa pale anaweza kubebeshwa mizigo ya jeshi akapotelea porini wiki tatu, au moja kwa moja. Ana watoto wawili hawana mama karibu. Kwenda kule kwa sababu ya jina Masika ni kama kwenda Kinshasa kutafuta mtu anayeitwa Jean. Phonie ya kanisa, ile redio ya kuongea na Beni, ilikuwa imenyang'anywa, huwezi kuuliza. Nikaona dhambi ya kwanza inatosha, nisiongeze ya kumwacha ajiue.

Na mimi nilikuwa na cheti. Nikamfanyia hesabu.

"Fundi, tuhesabu pamoja. Uko na batoto babili. Mama akizaa kijana, ni wa tatu, ataitwa Kasereka. Huyu ni Kakule, wa ine. Donc huyu Masika si wako."

Nilisema kwa huruma kabisa. Hata mkono nilimwekea begani.

Akakaa chini kando yangu. Akaweka mfuko kati ya miguu.

"Dieudonné ni Paluku," akasema. "Moïse ndiye Kasereka."

Nikahesabu kwa vidole. Wa kwanza, wa tatu; wa pili hayupo.

"Kambale iko ku Kanyabayonga. Surua ilimukamata iko na miaka mbili. Tulimuzika kule." Akanigeukia. "Alikufa, hakutoka mu hesabu. Sasa weye unataka huyu apande mu nafasi yake?"

Nikaondoa mkono begani mwake. Miezi mitatu naishi nyuma ya ukuta wa mtu huyu, nawajua watoto kwa majina ya ubatizo tu, sijawahi kuuliza.

Akaongeza, sasa kwa sauti ya chini zaidi: "Mwanamuke anaitwa Masika, alizalia njiani, na mutoto wake ni wa ine. Wako wangapi?"

Nikamwambia kesho tunaenda wawili.

Watoto tukawaacha kwa yule bibi mzee aliyemuulizia Kavira, aliyejitolea mwenyewe. Akanipa na agizo: nimuulizie Kavira Jeanne ni binti ya nani. Kabla sijatoka nje ya kanisa nilikuwa na maagizo ya namna hiyo yapata milioni. Gawanyeni, lakini msigawanye sana.

Tukapanda camion ya mbao, juu kabisa. Kizuizi cha kwanza tukapita. Cha pili, askari akamnyooshea Fundi kidole ashuke.

Akafungua mfuko wa Fundi, akaona spana, pampu, viraka.

"Mécanicien?"

Fundi akakubali kwa kichwa. Yule akaenda nyuma ya kibanda akarudi na baiskeli ambayo hata Noa asingeiingiza safinani. "Yaka, bongisa," akasema kwa Kilingala cha kijeshi, yaani njoo tengeneza. Fundi akapiga magoti, akatengeneza. Camion nzima ikasubiri, hakuna aliyenung'unika. Alipomaliza, askari akaipanda, akakizunguka kibanda mara moja, akapiga kengele, akatufungulia. Hiyo kengele niliisikia kama tarumbeta ya ufufuo.

Tukafika Bungulu mchana, tukaenda moja kwa moja kwa Mama Jeannette. Ofisi ya mabati, mashine yenye kitambaa cha maua juu yake kama televisheni ya bibi harusi.

Mimi njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumweleza, kwa heshima, kwamba orodha ina muundo, mistari mitatu, na mtu akivunja muundo analeta maafa. Nikaanza kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasukuma miwani.

"Ulifuta baba ya batu mia moja na sitini na moja?"

"Mama, ni ile mustari ya mutoto iliharibu..."

"Ile mutoto alifika hapa mu mugongo ya mama yake. Alikuwa na siku tatu." Hakupandisha sauti. "Mistari yako iko tatu. Ye alizaliwa. Nimuweke wapi?"

Wakuu, mimi nimeulizwa maswali na walimu, na wakaguzi, na askari. Hilo moja ndilo lililonikalisha chini.

Akatuambia mengine. Yule mama alifika na homa kali, hawezi kusema. Mwanamke aliyetembea naye kutoka Eringeti ndiye aliyetoa jina lake, Masika tu, na jina la baba yake; zaidi hakujua. Lakini jina la mtoto alilitaja mama mwenyewe, macho yamefungwa. Mama Jeannette akaliandika palepale, chini ya jina lake, kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa alidhani lile ndilo neno la mwisho.

Fundi alikuwa amesimama kama nguzo.

"Homa iliisha?" akauliza.

"Angalia kwanza mustari yako," akasema mama.

Akafungua mashine. Ikanguruma, ikakohoa, ikawaka. Akashuka na kidole kwenye skrini, polepole kupita kiasi, mpaka tukaona:

Masika
na mutoto Kakule, amezaliwa njiani
binti ya marehemu Mbusa Zakaria, Eringeti
kwa Muhindo Salomon, avenue ya lopitali, Bungulu

Fundi akasoma. Akasoma tena, midomo inatembea. Mbusa Zakaria alikuwa baba mkwe wake, yule aliyeliliwa matanga.

"Homa iliisha," akasema Mama Jeannette. "Jana alikuwa hapa kuniomba sindano na uzi."

Nyumba ya Muhindo Salomon, pale barabara ya hospitali, ina mabati kweli, mpwa wake hakudanganya. Tulimkuta Masika uani anamenya mihogo, mtoto mgongoni. Alituona kabla hatujamwita. Kisu kikabaki hewani.

"Umekawia," akamwambia mume wake.

Yeye akanionyesha mimi kwa kidole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikayaona meno yake yote.

"Ni huyu. Alifuta baba yako."

Masika akaniangalia kutoka viatu mpaka tai. Ndiyo, nilikuwa nimevaa tai.

"Baba yangu tulishamuzika," akasema. "Huyu alifuta nini tena?"

Kisha akaweka kisu chini, akalia, na mimi nikaenda kuhesabu mabati ya Muhindo Salomon. Yalikuwa mengi. Nilihesabu muda mrefu.

Tulibaki Beni siku mbili. Mimi na Mama Jeannette tukapanga orodha upya. Kila mstari tukauwekea herufi mbele: J kwa jina, T kwa mtoto, W kwa wazazi na kwao, K kwa nyumba. Mtu awe na watoto watatu, weka T tatu. Awe hana baba anayejulikana, W haipo, na hakuna anayeumia. Halafu command ikawa:

grep -v '^K' beni.txt

Yaani nipe mistari yote isipokuwa inayoanza na K. Haihesabu. Haijali nani ni wa ngapi. Inamwangalia kila mmoja usoni, inauliza wewe ni nani.

Na zile nyumba mbili zilizosomwa kanisani, tuliwaambia wenyewe. Wageni wao wakahamishiwa nyumba nyingine palepale Bungulu, Masika akiwa anarudi na sisi. Hakuna aliyewafuata, Mungu alisaidia. Lakini sitasema haikuwa kitu.

Kavira Jeanne hakuwa wa yule bibi. Alikuwa wa watu wengine kabisa. Nilimwambia mwenyewe, mlangoni kwake. Akanishukuru, akanipa maharage, akasema Jumapili atakuja tena.

Kwa ndugu aliyeuliza, hili ndilo jibu langu. sed 'n;n;d' ni nzuri, itumie. Ila kwanza fanya wc -l. Ikibaki hata mstari mmoja juu ya hesabu, usiseme ni takataka, nenda kaangalie ni nani. Usifunike file ya asili. Na ukiweza, ita mistari kwa majina yake, usiiite kwa zamu. Ukifuta mmoja kwa zamu, wote walio nyuma wanasogea, na hakuna anayepiga kelele.

Sisi kwetu tunahesabu kwa zamu pia, lakini zamu zetu hazisogei.

Kwenye kile kizuizi cha pili, tukirudi, alikuwepo askari mwingine, mtu wa kwetu wa Lubero, anaandika wasafiri kwenye daftari. Akamuuliza Fundi ana watoto wangapi.

"Ine."

Askari akamwangalia mtoto mgongoni kwa Masika. "Naona moja."

"Babili beko Butembo."

"Iyo ni tatu."

"Ine," akasema Fundi.

Askari akainua kalamu. Akauliza huyu wa mgongoni anaitwa nani. Masika akamwambia, Kakule. Yule askari hakuuliza tena. Akaandika nne.

Mimi naitwa Katembo, wakuu, wa tano. Nyumbani kwetu tuko wavulana wanne. Miaka yote ile nilitembea na namba yangu kifuani, na cheti mkononi, sijawahi kukaa nikajiuliza. Jioni niliyorudi nilimuuliza mama yangu. Hakushangaa swali, alishangaa nimechelewa. Akaniambia jina la ubatizo la yule anayekosekana kati yetu, na alikuwa na kovu wapi.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kufunika file ya watu aje tulie pamoja. Na kama kuna mkuu anayejua namna ya kurudisha kitu kilichofunikwa kwa mv, aandike hapa chini. Kwangu umechelewa, lakini nitasoma.